Pompi ya Dola 25 ya Kupima Sensa ya MAP: Rangi ya Kijani Si ya Watu wa Goma

Jambo wandugu, jambo ba mama, ba papa, ba yaya wote munaotazama. Karibuni tena, na leo musiondoke, kwa sababu kuna kitu kimenichoma roho na lazima nikitoe.

Ni hii hapa. Pompi ya mkono ya kunyonya hewa, na saa yake ya presha juu, imekuja ndani ya sanduku la plastiki pamoja na vitiyo, ile mipira midogo ya kupitisha hewa, na vichwa vya mpira. Nimeilipa dola 25 kule Birere. Muuzaji alianzia 40, munajua Birere. Hii chupa ni ya kutoa hewa kwenye freni, munaijua, tunaiweka pembeni. Mimi nataka kupima MAP, ile sensa inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, na kutafuta mahali hewa inapoingia kwa wizi.

Sasa sogeza kamera hapa kwenye saa. Sogeza tena, waone. Munaona rangi? Kuna nyekundu, kuna njano, na kijani kinaanza inchi 17 mpaka 22, inchi za zebaki, kipimo cha nguvu ya kunyonya. Maana yake injini ikiwa kwenye ralanti, inazunguka bila kukanyaga, imeshapata moto, sindano ikae ndani ya kijani. Ukiwa Mombasa ni kweli. Ukiwa Dar es Salaam ni kweli kabisa. Lakini hapa ni Goma! Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 juu ya bahari, na sisi nyumba zetu ziko juu ya maji. Kule pwani presha ya hewa ni kilopaskali 101. Hapa tulipo ni 85 hivi. Sasa injini itanyonya hewa gani ambayo haipo?

Hamuamini? Naziba mdomo wa pompi na kidole. Napiga. Kumi... kumi na nane... ishirini na mbili... inaanza kukaza... ishirini na nne. Napiga tena. Tena. Sindano imekaa. Saa imeandikwa mpaka 30, lakini hapa Goma 30 hutaiona hata upige mpaka Pasaka. Mwisho wa hewa yetu ni 25. Hii imefika 24, ni nzima, na nikiacha kupiga hairudi nyuma. Halafu mtu anairudisha dukani, anasema pompi mbovu! Wandugu wa Bukavu, sisi na ninyi ni ziwa moja, shida moja. Wa Lubumbashi muko mita 1,200 na kitu, mutapata kidogo zaidi yetu, lakini 30 hata ninyi sahau.

Hesabu ya haraka: kila ukipanda mita 300, toa inchi moja. Sisi tunatoa tano. Kijani chetu ni 12 mpaka 17. Nimechukua kalamu ya wino mzito, nimechora alama zangu juu ya kioo. Kile kijani cha kiwanda nimekibandika tepu nyeusi, kisinisumbue tena.

Haya, twende kwenye gari. Ni Toyota Starlet, injini ya 4E. Mwenye gari anasema ralanti iko juu, na esanse inaisha haraka. Sensa yenyewe iko hapa, kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Waya tatu: VC ni volti 5 kutoka kompyuta ya gari, E2 ni masi, waya wa kurudisha umeme, PIM ni ile inayopeleka habari. Nachoma sindano za mita ya volti nyuma ya soketi, PIM na E2, bila kukata waya. Musikate waya, tafadhali. Kontakti nimewasha, injini haijawaka.

Mita inasema 3.1. Sasa hapa ndipo wengi wanauziwa sensa bure. Kitabu cha Toyota kinasema sensa hii ikipumua hewa ya nje itoe 3.3 mpaka 3.9. Fundi anaona 3.1, anasema imekufa, lete dola. Haijakufa! Hewa yetu ni nyepesi, na sensa inasema ukweli kuhusu hewa yetu. Kitabu hicho hicho kina jedwali lingine ambalo watu wanalipita haraka, na ndilo linalotusaidia sisi wa mlimani. Linasema nyonya kidogo kidogo, uangalie volti zinashuka kwa kiasi gani. Kushuka hakujali uko Goma au Matadi.

Nimeunga pompi kwenye kitiyo cha sensa. Saa ina mstari wa ndani wa sentimita za zebaki, tumia huo. Napiga mpaka 10. Mita: 2.7. Imeshuka 0.4, na kitabu kinataka 0.3 mpaka 0.5. Napanda 20... 2.3. Safi. 30... 1.9. 40... samahani, ni motari anapita, subirini... 40, 1.5. Na 50, hii hapa, 1.1. Jumla imeshuka volti 2, kitabu kinataka 1.9 mpaka 2.1. Ngazi kwa ngazi, hakuna kuruka, hakuna kukwama. Hiyo ni sensa nzima. Ingeshuka vizuri halafu ikwame njiani, au iruke-ruke, hapo ningekuambia nunua.

Sasa naiacha kwenye 50 na siigusi. Dakika moja. Wakati tunangoja: mic mpya imefika, wale mulionitukana juu ya sauti, aksanti, mulikuwa na haki. Na wale munaouliza video ya alternata, inakuja, sijaisahau.

Dakika imeisha, sindano haijatikisika. Maana yake sensa haivuji, na hiki kitiyo chake pia hakivuji, kwa sababu nilipima nikiwa nimekiunga. Musiwahi kukisahau. Kikipasuka, sensa inapumua hewa ya nje, kompyuta inafikiri umekanyaga mpaka chini, inamwaga esanse, moshi mweusi, buji nyeusi kama makaa. Watu wanabadilisha sensa mara mbili na kitiyo cha dola moja bado kimepasuka.

Basi kosa liko wapi? Nachukua kile kiungo cha njia tatu cha ndani ya sanduku, naunga saa kwenye tiyo ya sensa, nawasha injini. Ralanti iko juu, munaisikia. Saa: inchi 11. Iko chini hata ya kijani changu. Gari lenye MAP likipata hewa ya wizi, presha ya ndani inapanda, kompyuta inaongeza esanse, injini inakimbia peke yake. Lenye sensa ya kupima wingi wa hewa, MAF, ni tofauti: lenyewe linakosa esanse na linatetemeka.

Nabana tiyo moja moja na koleo, nimeifunga kitambaa isikate mpira. Hii, hapana. Hii, hapana. Hii ya sevofreni, ile inayosaidia mguu kukanyaga freni... sikieni! Ralanti imeshuka. Angalia saa: 15. Tiyo imepasuka kwenye mdomo, chini ya klipu. Barabara zetu za mawe ya volkano zinatikisa kila kitu, sishangai. Na hii ni freni, wandugu, isingengoja kesho.

Kuna wanaomwagia esanse juu ya injini ya moto kusikiliza ralanti ikibadilika. Mutachoma gari na nyumba. Kama unashuku gasketi, tumia maji kwenye chupa ya kupuliza, kidogo tu. Mashine ya moshi ni bora kuliko zote, lakini bei yake, ayi. Na zile skana ndogo za Bluetooth za kusoma kompyuta ya gari ni nzuri kwa gari jipya, ila Starlet ya zamani kama hii haiongei nazo.

Mutaniuliza juu ya Mityvac ya Marekani, pompi kama hii ya chapa kubwa. Ya chuma ni nzito mkononi, imetengenezwa vizuri, na ukiwa na garaji ya kazi kila siku, jinyime uinunue. Hii yangu, mpini ni plastiki na tiyo ni fupi mno, kwenye Hiace utapima ukiwa umelala juu ya injini. Vichwa vya mpira viwili tayari vinaanza kupasuka. Nilianza video nikitaka kuwaambia musiinunue. Sasa, kwa dola 25... nunueni, lakini musizidi 25, na mujaribu kwa kidole pale pale dukani: ifike 23 au 24 na ikae. Ikirudi chini, mwachie mwenyewe.

Mujiabone, na andikeni hapo chini muko mji gani na saa yenu inaishia ngapi. Mimi naenda kutafuta tiyo ya sevofreni kabla hawajafunga.