Huduma ikifa saa nane usiku, nani anaiamsha? System V, runit na systemd

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nina mashine pepe tatu, kila moja na init yake, yaani programu ya kwanza kuwaka, inayowasha huduma (programu zinazofanya kazi chinichini): moja ya init ya zamani ya System V, ya pili Void Linux yenye runit, ya tatu Debian yenye systemd. Wengi wakizilinganisha hukimbilia kasi ya kuwaka. Seva yangu naiwasha upya mara chache mno, kwa hiyo mimi nauliza hivi: huduma ikifa saa nane usiku, nani anaiamsha?

Tazameni skrini. Zote tatu zina programu ile ile ndogo niliyoiandika. Naiua kwa kill -9, amri inayoua programu papo hapo.

System V: kimya. Na mbaya zaidi, faili ya PID (namba ya programu inayoendeshwa) bado ipo, imeshika namba ya marehemu. Ndiyo, inittab, faili ya mipangilio ya init, ina respawn ya kuamsha kilichokufa, lakini huduma za /etc/init.d hazipitii huko. Mteja ndiye atakayekupigia simu.

Runit: hata sijamaliza kuhesabu mbili, imerudi na PID mpya. Hebu tuifungue faili yake ya run, ile inayoiwasha huduma. Mistari mitatu tu! Angalieni huo wa mwisho unaoanza na exec, inayoifanya programu ichukue nafasi ya shell inayosoma faili hii. Ukiusahau, runit itailinda shell badala ya programu yako. Na programu isijipeleke nyuma yenyewe, ibaki mbele.

Sasa systemd, iliyoanza 2010 na kuingia Debian 8 mwaka 2015 baada ya mabishano makali. Naua... haikurudi! Hapa wengi wanaumia. Bila kuandika Restart=on-failure kwenye faili ya huduma, haiamshi kitu. Naandika, napiga daemon-reload ili systemd isome faili upya, naiwasha, naua tena. Imerudi. Ila ikianguka mfululizo, ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, inaacha kujaribu. Ndiyo maana mimi huongeza RestartSec=5, isubiri sekunde 5 kabla ya kuwashwa tena, ipate kupumua.

Jambo jingine lililowahi kuninyima usingizi: kwenye faili hiyo ya systemd, After= inapanga foleni tu, nani aanze baada ya nani. Kama programu haiwezi kuishi bila hifadhidata, weka na Requires=.

Kwa seva ya kazini nachagua systemd, kwa sababu ya cgroup, kikundi kinachofuatilia programu zote zilizozaliwa na huduma: ukisimamisha huduma, watoto wake wote wanaondoka nayo, hakuna anayebaki ameshikilia poti. Kwenye kimashine chenye RAM kidogo, runit, bila kusita. Faili ya run na ile ya systemd nimeziweka kwenye maelezo hapo chini. Badilisheni njia ya programu, kisha muiue wenyewe muone.