Likizo ya Aprili, Dakika za Lala Salama: Uende Wapi Nje ya Nchi, na Kwa Nini Usome Kadi ya Manjano Kabla ya Kulipa

Aprili iliyopita nililipia safari ya Zanzibar siku ya Alhamisi, tuondoke Jumatatu. Tulikuwa watano: mimi, mamangu, dada yangu na vijana wetu wawili. Wakala alipokea pesa zote, akakata risiti na kuangalia pasipoti. Nilipomwuliza kuhusu homa ya manjano, kwa sababu kijana wangu hakuwa amechanjwa, alinijibu, "Dada, mpeleke kesho, kadi unapewa papo hapo."

Kweli tulipewa papo hapo. Ijumaa tarehe 11 alidungwa, Jumatatu tarehe 14 tukawa mpakani. Afisa wa afya aliifungua ile kadi, akaweka kidole kwenye safu ya tarehe, ile ambayo mimi sikuwahi kuisoma, kisha akanigeuzia niione mwenyewe. "Mama, chanjo hii inaanza kutambulika tarehe 21." Hakuwa mkali, wala hakutaka chochote. Alikuwa anafanya kazi yake. Tulishusha mabegi yetu na kurudi Mombasa na kijana analia, na pesa ya hoteli haikurudi hata shilingi moja.

Tangu niwasimulie wasomaji kisa hiki nimepata jumbe nyingi zinazofanana nacho. Ndiyo maana mwongozo huu hautaanza na mabwawa ya kuogelea wala kifungua kinywa. Hayo mnajua kuyachagua. Utaanza na siku kumi.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya afya, si ukali wa afisa fulani. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huu, kwa hiyo majirani na visiwa vingi tunavyovipenda hutudai kadi: Tanzania pamoja na Zanzibar, Uganda, Ethiopia, Afrika Kusini, Shelisheli, Morisi. Ukiwa hujachanjwa na safari ni ya wiki ijayo, huna safari, hata ofa iwe nzuri vipi.

Sasa itoe kadi yako kabatini uiangalie. Jina lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Pawe na nambari ya kundi la dawa, sahihi na muhuri wa kituo. Kisha soma safu ya tarehe. Kama ni kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi na muda huo umepita, usidanganywe kuwa lazima udungwe tena. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja inatambulika maisha yote, na kadi za zamani zimo. Mamangu aliwahi kuambiwa akachanjwe upya, na angelipa kama nisingekuwa naye. Mtoto aliye chini ya miezi tisa, mjamzito, mzee aliyepita miaka sitini au mtu ambaye mayai humdhuru sana, aonane na daktari kwanza.

Na kuna wale watakaokwambia "tutakuandikia tarehe ya nyuma". Nimeambiwa hivyo na watu wawili, hapa hapa mjini, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuza muda wa maongezi. Tafadhalini msikubali. Kadi hiyo ipo kwa sababu ugonjwa huu unaua na hauna dawa ya kuutibu, na mtoto anayebebeshwa karatasi ya uongo ndiye anayebaki bila kinga. Wakala anayekuuzia safari ya siku nne bila kukuuliza kadi anajua anachokifanya. Faida yake ameshaikata siku uliyolipa.

Haya, tuseme kadi zenu ziko sawa. Mimi nawapanga hivi.

Wa kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Ethiopia kwa ndege ya Ethiopian Airlines. Shirika hili linatua hapa kwetu, Uwanja wa Moi, na kukupeleka Addis Ababa bila kupitia Nairobi. Mtu wa Mombasa anajua uzito wa maneno hayo. Tumechoka kupandishwa Nairobi kwa kila jambo, kulala kwenye viti pale uwanjani na kulipia safari mbili ili ufanye moja. Pasipoti ya Kenya haidaiwi viza Ethiopia. Halafu tangu Julai 2024, serikali yao ilipoiachia sarafu yao, birr, ijitafutie bei sokoni, birr imeshuka sana, na shilingi yetu inanunua zaidi kuliko zamani.

Usiishie Addis. Kaone nakala ya mifupa ya Dinknesh, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye dunia inamwita Lucy, kwenye Makumbusho ya Taifa, uzunguke soko kubwa la Merkato nusu siku, kisha ruka hadi Dire Dawa na upande gari kama kilomita hamsini kwenda Harar. Ukinunua tiketi ya ndani, taja kwamba umeingia nchini na Ethiopian, kwa sababu wageni wao hupunguziwa. Harar ni mji wa kale wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta uitwao Jugol, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, wenye misikiti 82. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa atajihisi nyumbani katika vichochoro vile. Usiku, nje ya ukuta, fisi hulishwa nyama mkononi mwa watu.

Jambo la chakula: nyama ya Waislamu na ya Wakristo huchinjwa mbalimbali kule, kwa hiyo uliza. Lakini kwaresima yao ya siku 55 mara nyingi hufika Aprili, na wakati huo mikahawa hujaa beyaynetu, sinia la injera, ule mkate wao mpana na laini, lenye dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na mboga, bila nyama wala maziwa. Na mtafurahi kusikia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Angalia tu kuwa tiketi ya ndege haihesabu hivyo. Miji ya Lalibela na Gondar siwashauri kwa sasa, kwa sababu ya mapigano yaliyozuka katika mkoa wao wa Amhara mwaka 2023.

Wa pili ni Shelisheli, kwa mwenye uwezo. Aprili kaskazi imekwisha na kusi haijashika, bahari imetulia, na hakuna viza ila kibali cha kuomba kwa intaneti kabla ya kuondoka. Bei za malazi zinaumiza, na lazima ubadilishe ndege njiani.

Wa tatu ni Dubai. Flydubai inatoka hapa moja kwa moja tangu Januari 2024. Ila viza lazima iombwe mapema, na joto la Aprili limeshaanza kupanda. Familia yenye watoto itamaliza pesa madukani.

Cape Town ningeipenda zaidi. Viza iliondolewa kwa Wakenya tangu Januari 2023 na hewa ya Aprili ni nzuri, lakini ni mbali mno kwa siku nne tano.

Zanzibar naiweka chini, na si kwa uchungu wa mwaka jana. Masika inayonyesha Kongowea ndiyo inayonyesha Nungwi. Hoteli kadhaa hufunga Aprili na Mei, na zilizo wazi hushusha bei kwa sababu hiyo hiyo. Wakala anayekwambia "nusu bei" bila kutaja mvua amekuficha nusu ya habari. Nenda Julai.

Kwa mfuko mwepesi, kuna basi la Tanga kupitia Lunga Lunga na Horohoro. Pasipoti na kadi utadaiwa vile vile.

Kabla ya kulipa popote, mwandikie wakala ujumbe, si kwa simu, umwulize mambo mawili: ni kadi gani ya chanjo nitakayodaiwa, na nikirudishwa mpakani pesa yangu inarudi kiasi gani. Subiri jibu la maandishi. Mwaka huu nimewauliza watatu. Wawili walinipigia simu badala ya kuandika, nikawaacha. Wa tatu alijibu yote mawili na kuniomba picha ya ukurasa wa tarehe za kadi ya kila mmoja wetu, na kwake ndiko nilikolipia Addis.