TAHADHARI kwa wanaojiandaa kupanda Kili: kuna jamaa wa buti na mabegi ya kulalia mtandaoni

Wakuu habari zenu. Nitaandika kirefu mnivumilie, maana najua sahivi watu wameshaanza kuchangishana kwa ajili ya safari za Kili za tarehe 9 Desemba, na kuna jamaa anauza vifaa vya mlima mtandaoni ambaye mwaka jana alinipiga laki nne na akanikosesha kilele. Jina la ukurasa wake sitaji, sio kwamba namuogopa, ni kwa vile halisaidii kitu, tangu nianze kumfuatilia kashalibadilisha mara tatu. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi.

Mimi niko Dar, na kabla ya hapo mlima wangu ulikuwa Uluguru, ile ya kwenda na raba asubuhi na jioni uko Moro mjini unakula chipsi. Kazini tukajikusanya watu tisa, tukalipa kampuni moja ya Moshi, njia ya Machame siku sita, kuanza tarehe 5, tarehe 9 alfajiri tuwe juu tunaimba wimbo wa Taifa. Kampuni wakatutumia orodha ya vifaa na wakasema wanakodisha pia. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona begi la kulalia walilojikojolea watu hamsini siliwezi, acha ninunue vya kwangu.

Ndio nikakutana na jamaa. Tarehe 14 Novemba nikamfuata inboksi kuulizia buti namba 42, akajibu palepale: "Zipo kaka. Unapanda lini?" Nikaona huyu sio muuza nguo tu, anaujua mlima. Nikamwambia tarehe 5. Akaanza kunishauri, eti usichukue inayobana, acha nafasi ya soksi nzito, vidole visigonge mbele wakati wa kushuka utang'oka kucha. Na ni kweli kabisa! Tapeli mwenye ushauri wa kweli unamkataaje. Akanirushia na kavideo, buti zimepangwa sakafuni kwenye vigae vya bluu vyenye maua meupe, safi zinang'aa. Tukamalizana buti 180,000, begi la kulalia "minus 20" 150,000, koti la mvua 70,000. Lipa namba hana, katoa namba ya kawaida, jina likatokea la mwanamke. "Huyo wife, ndio anashika hela." Nikatuma na ya kutolea juu.

Mzigo alisema siku tatu kutoka Arusha. Mara basi limejaa, mara kijana wa kupeleka stendi anaumwa, mara kafiwa na mama mdogo, hapo unaona hata aibu kudai, mtu yuko msibani. Nikisema basi rudisha hela yangu anatuma vois noti ya upole, "kaka tarehe 5 utakuwa umevaa, niamini." Na mzigo ulikuja kweli, hapo ndipo anapowazidi wale wa tuma kwenye namba hii. Ulifika stendi ya Magufuli Mbezi tarehe 3 Desemba saa tatu usiku, boksi limezungushiwa selotepu mpaka nililifungua kwa kisu cha jikoni, na basi langu la Moshi lilikuwa kesho yake alfajiri. Nikavaa buti nikazunguka sebuleni, zimenikaa, nikalala na furaha zangu.

Lile swali la unapanda lini halikuwa la kujali. Alikuwa anahesabu siku. Kitu chake ukikaa nacho wiki moja tu utakigundua na utamsumbua, kwa hiyo anahakikisha unakipata usiku wa kuamkia safari, huna muda wa kujaribu wala wa kurudisha, na ukija kugundua uko porini simu haishiki.

Siku ya kwanza kutoka geti la Machame mpaka kambini ni msitu mwanzo mwisho, na vuli ilikuwa haijaisha. Haikupita saa nzima maji yakaanza kuingia mabegani. Koti lina kilebo cha Gore-Tex, kile kitambaa maarufu cha kuzuia mvua, kimeshonwa vizuri kuliko koti lenyewe. Mgumu mmoja (wagumu ndio wapagazi, wenyewe wanajiita hivyo) akaligeuza ndani nje akalielekeza kwenye mwanga, akaniambia tazama, matundu ya sindano hayo. Koti la mvua la ukweli kila mshono kwa ndani unabandikwa utepe, maana kitambaa kiwe kizuri vipi, maji yanapita pale sindano ilipopita. La kwake yeye lilikuwa mtumba wa soko la Memorial pale Moshi, ndani kavu, mimi nakamua fulana.

Usiku wa pili kambi ya Shira, juu ya mita 3,800, ikawa zamu ya begi la kulalia. Nimelala na jaketi, kofia, glovu, soksi mbili, na meno yanagongana. Mwenzangu wa kwenye hema alikuwa na la kukodi, hilo hilo nililolikataa, anakoroma. Asubuhi nikasoma lebo yake, ina namba tatu: ya kwanza joto ambalo unalala kwa raha, ya pili mwisho wa uvumilivu, ya tatu ni ile ya usife tu, kulala hapo hakupo. Huo ni utaratibu wa kimataifa, maabara wanalipima kwa sanamu lenye joto kama la mtu. La kwangu limeandikwa -20 kubwa kama namba ya jezi, na basi. Hata kama ingekuwa kweli, ni -20 ipi kati ya hizo tatu? Halafu lilikuwa jepesi, halifiki kilo. Begi la pamba ya kiwandani la kuhimili baridi ya namna hiyo mara nyingi linavuka kilo mbili, ukitaka jepesi ni la manyoya ya bata na hilo kwa 150,000 jipya hulipati. Pembeni mwa zipu mshono ulishaachia, nikachungulia: vipande vya sponji, vile vya kujazia mito ya kochi.

Sasa buti. Siku ya tatu unapanda mpaka Lava Tower, mita 4,600, kuzoesha mwili, halafu unashuka kulala Barranco. Kwenye kushuka mguu wa kulia nikaanza kuhisi kama nakanyaga kitu laini, nikadhani tope. Kutazama, soli imeachia kisiginoni inapiga mdomo kama mamba. Nikasema gundi hiyo, fundi yeyote anashona. Nikainama kuishika, vidole vikazama! Ile soli ya kati ilikuwa inamomonyoka kama biskuti iliyolowa, ukiifikicha inabaki unga wa kijivu mkononi. Hapo hushoni, utashona nini kwenye unga.

Kiongozi wetu alicheka kwanza ndio akanihurumia, anasema kila msimu anaziona. Buti nyingi za mlima soli ya kati ni poliyurethani, na hiyo kitu inaliwa na unyevu wa hewani polepole hata kama buti haijawahi kuvaliwa. Ikikaa stoo miaka mingi juu inang'aa, ngozi nzima, kamba mpya, ndani imeshaoza. Nikafunua ulimi wa buti nikaona pana alama ya lebo iliyokatwa, sehemu ambayo kampuni nyingi huweka tarehe ya kutengenezwa. Kwa hiyo jamaa alijua, mkasi hauingii kwenye buti kwa bahati mbaya.

Ukuta wa Barranco niliupanda asubuhi yake buti imezungushiwa kamba ya hema na selotepu, na pale kuna sehemu unapanda kwa mikono, kila hatua namuomba Mungu. Kambi ya Karanga mgumu mwingine akaniazima buti zake za akiba, namba 44, nikajaza soksi. Kambi ya Barafu tunaondoka saa sita usiku sijalala hata dakika, na vidole vya mguu wa kulia nimeacha kuvisikia kabla hata ya kufika Stella Point. Pale ni mita 5,756. Kilele cha Uhuru ni 5,895. Mita 139, kama saa moja ya kujikongoja. Kiongozi akanivua buti akavitazama vidole kwa tochi, akasema kaka tunashuka. Wenzangu wanane wana picha kwenye ule ubao, mimi nina picha ya soli.

Nilivyorudi nikamtumia hiyo picha. "Kaka ulizianika kwenye moto?" Nikamwambia turudishiane hela, akaniuliza kwani hukupanda? Nilipotaja polisi akanibloku. Binamu yangu yupo Arusha, nikamtuma kwenye duka alilosema lipo Sokoine Road, na namba ya fremu alitaja. Fremu ni ya saluni. Dada wa saluni wala hakushangaa, anasema watu wa buti huwa wanakuja. Nimechukua RB polisi na namba yake ya simu nimeiripoti 15040, ile ya TCRA ya kuripoti utapeli wa simu. Afande aliniambia ukweli, ingekuwa hukutumiwa kitu ingekuwa rahisi, sasa huyu atasema alikuuzia viatu vikaharibika. Nikaambiwa bidhaa yenye lebo ya kugushi ni mambo ya FCC, ile Tume ya Ushindani, kwa hiyo koti lipo kabatini na kilebo chake kama ushahidi. Kama nawe alikuuzia tafadhali kachukue RB yako, tukiwa wengi itakuwa ngumu kusema buti zote zilianikwa kwenye moto.

Kwa anayetaka kununua hata hivyo, sawa, ila shika kitu mkononi kabla hela haijatoka. Soli ya kati ibonyeze kwa ukucha, inatakiwa inepe irudi, ikibaki na alama, ikipasuka au ikinata kama pipi, rudisha. Kunja buti mara kumi kumi, sikiliza. Na hili linahusu mitumba pia, hata Memorial. Jaketi na makoti ya pale mengine ni moto kweli, wageni huwa wanawaachia wagumu vitu vyao mwisho wa safari na vingine vinaishia sokoni, ila buti nzuri ya mtumba inaweza kuwa na ugonjwa huu huu kwa sababu tu ya umri. Vaa buti yako mwezi mzima kabla ya safari, nenda nayo kazini wakucheke. Ukiwa huna mwezi mzima, kodi. Begi la kulalia ndio kodi tu, beba shuka lako la ndani kama unaona kinyaa kama mimi, na lifunue mbele yao hapohapo Moshi ujaribu na zipu.

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, ila juzi mwenzangu wa kazini kanitumia skrinshoti ya ukurasa mpya. Buti zimepangwa sakafuni, vigae vya bluu maua meupe. Chini kuna dada kauliza kama kuna namba 38.

Kajibiwa: "Zipo dada. Unapanda lini?"