Ofisi ya kuchapa hati za korti, Mombasa town: kazi yao safi ila hilo neno "bubu" waliache

Nawapa nyota 3 kwa 5, na hizo 3 ni dadangu kawapatia, ingekuwa mimi peke yangu ningeacha 1 nikaenda zangu.

Tulienda kuchapishiwa hati ya kiapo ya mambo ya shamba la marehemu baba, manake ukiuliza afidaviti pale town watu wanakuelekeza kwao. Ghorofa ya pili, ngazi wima kama mnazi, lakini ukifika kuna feni na viti. Dadangu ni kiziwi tangu utotoni. Anasoma, anaandika, Kiswahili chake cha maandishi kinanishinda mimi. Karani ni kijana mpole, akachukua maelezo, nusu saa karatasi zimetoka, wino mweusi tititi, hakuna kosa la herufi hata moja.

Sasa soma aya ya pili: "mimi ni bubu na kiziwi, hivyo mdogo wangu anatia sahihi kwa niaba yangu." Hivyo??? Nani alisema hivyo? Yani neno bubu likaingia likavuta na hilo la sahihi nyuma yake, mtu akishaitwa bubu basi mchapaji anaona huyu hana kauli hata kwa shamba la babake. Halafu ukurasa wa nyuma, pale pa mkalimani, kaandika "kiziwi hicho kilielezwa". Hicho! Kilielezwa! Jamani tunasema kiziwi huyu, alielezwa, kama tunavyosema kiongozi huyu na kinyozi yule, hiyo ki- yenyewe haina tusi ila ukishaipatanisha kama kitu umemgeuza mtu stuli.

Mimi nikaanza kupandisha sauti. Dadangu hata hakuniangalia, akachukua kalamu akakata "bubu" mistari miwili.

Karani akajitetea, "lakini ndugu yangu, sheria yenyewe ndo inasema hivyo." Na hakudanganya sana, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 126, kichwa chake cha Kiingereza ukikitafsiri ni mashahidi mabubu. Lakini shuka chini usome: asiyeweza kusema atatoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, afanye mbele ya korti, na utahesabiwa ni ushahidi wa mdomo. Wa mdomo! Yani kichwani wanamuita bubu, chini wanampa mdomo. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu aitwe na atajwe kwa namna isiyomdunisha, kifungu cha 120 kinaiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge sawa na Kiswahili na Kiingereza. Sasa bubu gani huyo ana lugha mpaka Bungeni?

Kijana akarudi na kopi ya pili, safari hii kajitahidi kuwa na adabu: "mlemavu wa kusikia na kuongea". Dadangu akakata tena, akamwandikia kwa simu: "Kuongea naongea kutwa, muulize huyu." Huyu ni mimi. Kijana akacheka, hapo ndo hewa ikatulia kidogo. Akauliza tuandike nini basi, akajibiwa KIZIWI, herufi kubwa. Alishtuka, alidhani hilo ndo neno baya. Kumbe viziwi wanajiita hivyo wenyewe, hata kile chama chao cha Tanzania, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi.

Kopi ya tatu ikatoka: "Mimi ni kiziwi, natumia Lugha ya Ishara ya Kenya, hati hii nimeisoma mwenyewe na nimeielewa." Sahihi yake, kwa mkono wake, mimi nikabaki kushika mkoba tu.

Bei shilingi mia sita, na kurudia mara mbili hawakutuongeza hata senti, hilo nawapa heko. Nyota mbili nimekata kwa sababu nikachungulia kompyuta nikaona ile aya ya bubu iko kwenye fomu yao ya kudumu, yani kila kiziwi anayeingia anapewa hiyo hiyo. Kijana alisema atamwambia bosi aibadilishe. Ukienda omba usome kwenye skrini kabla hajaprinti, na usiende Ijumaa saa sita na nusu, utapata mlango umefungwa.