Jingdezhen kwa jicho la muuza vyombo wa Kariakoo

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: kama unatafuta sahani za kujaza kontena, usihangaike kupanda treni kwenda Jingdezhen, mji wa kauri nchini China. Baki Guangzhou, au nenda Chaozhou, humo humo mkoani Guangdong, ambako viwanda vinafyatua seti za chai kwa maelfu na bei inazungumzika. Jingdezhen ni mji wa mafundi. Pale unalipia mkono wa mtu, na mteja wangu wa Mtaa wa Kongo hana hela hiyo.

Pamoja na hayo naupa nyota nne kati ya tano.

Mji uko kaskazini mashariki mwa mkoa wa Jiangxi, umezungukwa na vilima, na mto Chang unapita katikati. Nilitoka Guangzhou kwa treni ya mwendokasi, nikabadilisha Nanchang. Huhitaji kuambiwa kwamba umefika, maana hata nguzo za taa za barabarani zimevikwa kauri ya buluu na nyeupe. Mali yote ya zamani ya mji huu ilitoka kwenye vilima na mto huo. Udongo mweupe ulichimbwa Gaoling, jirani tu. Misonobari ya milimani ikawa kuni za tanuri. Vyombo vikapakiwa kwenye mashua vikashuka mto hadi ziwa Poyang, na kutoka hapo mto Yangtze, kisha dunia. Mwaka 1004 mfalme Zhenzong wa nasaba ya Song aliupa mji jina la zama za utawala wake, Jingde. Wafalme wa nasaba za Ming na Qing nao wakaweka hapa tanuri zao wenyewe. Ukienda kwenye magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, pale kwenye makaburi ya nguzo, utaambiwa habari za sahani za China za enzi ya Ming zilizopachikwa ukutani. Kwa hiyo biashara yangu mimi si ngeni kama watu wanavyodhani.

Makumbusho ya Tanuri za Kifalme usiyakose hata kama hupendi makumbusho. Msanifu wake, Zhu Pei, amejenga matao marefu ya matofali yenye umbo la tanuri, ubavuni mwa magofu ya tanuri hizo, na baadhi ya matofali yametoka kwenye tanuri za zamani. Ndani kuna mabakuli yaliyounganishwa kigae kwa kigae. Enzi za Ming chombo cha mfalme kikitoka na kasoro hakikuuzwa wala kugawiwa kwa mtu mwingine. Kilivunjwa na kufukiwa papo hapo, na sasa wataalamu wamevifukua. Mimi ambaye sahani yenye doa naiuza nusu bei, tena na mteja anashukuru, niliguna. Kikombe kimoja kidogo cha enzi ya Chenghua, mfalme wa Ming, chenye picha ya jogoo na vifaranga, kilinunuliwa mnadani Hong Kong mwaka 2014 kwa dola za Hong Kong milioni 281. Nakala zake mjini hapa zimejaa kila duka, kwa bei ya chakula cha mchana.

Sehemu ambayo kila mtu atakupeleka ni Taoxichuan, kilichokuwa kiwanda cha serikali cha Yuzhou. Mabomba ya moshi bado yamesimama, na majengo ya matofali mekundu yamegeuzwa maduka, migahawa na mabanda ya maonyesho. Mwisho wa wiki vijana kutoka kila pembe ya China wanapanga meza na kuuza walichofinyanga wenyewe. Vinapendeza, siwezi kukataa. Lakini kikombe kitupu cha kunywea kahawa yuan 120, na ukitaja bei yako kijana anatabasamu tu na kugeukia simu yake, maana anauza mubashara mtandaoni na huko wanunuzi ni wengi kuliko wewe uliyesimama mbele yake. Nyota moja nimeikata hapo.

Nenda vichochoro vya nyuma. Viwanda vya serikali vilipoanguka miaka ya 1990, mafundi walibaki na ujuzi bila ajira, wengi wakafungua karakana za nyumbani, na kazi imegawanywa kiasi kwamba karakana moja haimalizi chombo. Huyu anafinyanga tu. Yule anachonga kitako na kupunguza unene. Wa tatu anachora mistari, wa nne anajaza rangi, na wa mistari hagusi brashi ya kujazia. Kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, ikipakwa ni nyeusi nyeusi kama masizi; ubuluu unakuja ndani ya moto wa nyuzi 1,300 hivi. Hata tanuri si lazima uwe na yako: kuna watu biashara yao ni kuchoma tu, unapeleka vyombo vyako na kulipia nafasi. Hili ndilo la kuigwa na vikundi vyetu vya ufinyanzi, na wala si la gharama kubwa. Nilikaa kwenye kigoda cha watu nikitazama mpaka nikaletewa chai.

Soko la alfajiri la Jumatatu, wanaloliita soko la mizimu, ni la kutembea na tochi na moyo mgumu. Vigae, mabakuli ya “kale”, mihuri ya wafalme chini ya kila kitako. Muhuri hauthibitishi chochote. Mji huu umeiga kazi zake wenyewe kwa karne nyingi. Na ukibahatika kupata cha kweli, sheria ya China kwa ujumla hairuhusu kutoa nje vitu vya kabla ya 1911. Nunua vigae vya kutazama, basi.

Chakula: pilipili ya Jiangxi haina mzaha, na nguruwe yuko kila chungu. Waislamu wenzangu, tafuteni mgahawa wa tambi za Lanzhou wenye maandishi ya halali mlangoni. Mchuzi wa ng'ombe, tambi zinavutwa mbele yako, umeshiba.

Usidhani pia mji mzima unaishi kwa udongo. Kuna kiwanda cha Changhe kinachotengeneza helikopta, na dereva wangu alikisifia kuliko kauri.

Nilichotaka mimi ni sinia la pilau, pana, la watu wanne. Fundi alisoma tafsiri kwenye simu yangu, akacheka, akamwita mkewe naye asome. Kumbe chombo kipana na bapa ndicho kigumu kuliko vyote. Kinajikunja motoni, na katika kadhaa unaokoa kimoja. Bei aliyonitajia ingenunua mtungi unaonifika kifuani. Tukashuka hadi bakuli kubwa lenye kina, mistari miwili ya buluu ukingoni, malipo nusu kabla na nusu baada ya kutumiwa picha. Mabakuli yalifika kwa wakala wangu Guangzhou ndani ya maboksi ya povu gumu, hakuna lililopasuka. Mawili yamezidi ubuluu kidogo, na hayo ndiyo yaliyonunuliwa kwanza.