Fildi kwenye kampeni ya mifuko Tanga: uzoefu wangu

Nasoma stashahada ya maendeleo ya jamii, na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nimefanyia kwenye asasi moja hapa Tanga mjini inayoendesha kampeni za mazingira vyuoni. Naandika kwa ajili ya wale wanaoambiwa fildi ya maana iko ofisi kubwa tu. Wenzangu waliokwenda huko wengi waliishia kutoa kopi na kupanga mafaili. Sisi tuliisha soli za viatu.

Kampeni yetu ilihusu vifungashio laini vya nailoni. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hilo kila mtu analijua. Vile vifuko vya karanga na barafu ndiyo kesi: vimekatazwa kubebea bidhaa tangu Aprili 2021, lakini pita Ngamiani jioni uone bajia unapewa ndani ya nini.

Asasi ilitupa vipeperushi vya faini: shilingi 30,000 hadi 200,000, au jela isiyozidi siku saba, kwa anayekutwa na mfuko. Hosteli walivisoma wakacheka. Kwa wauzaji ndiyo kabisa. Mama mmoja jirani na geti la chuo aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, bajia za mia tano nimtilie mteja kwenye mfuko mbadala, hiyo faida utanipa wewe?" Kipeperushi hakikuwa na jibu. Ndipo tukageukia serikali ya wanafunzi: mnunuzi aje na bakuli lake, tangazo litoke kwao, si kwetu. Hosteli moja ikakubali, nyingine bado wanavutana. Mazungumzo yale na viongozi wa wanafunzi yamenifunza kazi kuliko muhula mzima wa nadharia.

Kinachokera ni pesa. Posho hakuna, sawa, walisema mapema. Lakini nauli wanarudisha kwa risiti. Konda gani wa daladala anakupa risiti? Wenzetu wa digrii wenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, angalau wana fungu la mafunzo kwa vitendo. Wengi wetu tulikuwa tunapiga simu nyumbani.

Msimamizi ni mtu mzuri ila wa safari nyingi, kwa hiyo kitabu cha fildi mpelekee asaini kila akionekana, usingoje Ijumaa.

Wanapokea pia wa kujitolea, hata likizo. Hao wanapata cheti tu. Hakikisha unapewa barua ya utambulisho kabla ya kuanza, maana walinzi wa vyuo vingine hawakuelewi getini bila mhuri.