Stabilaiza ya kielektroniki kwenye Land Rover Series III: geji ya temprecha imeacha kudanganya

Gari langu ni Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, na shughuli zake nyingi ni huku Arusha kwenye kupanda na kushuka. Mshale wa temprecha ulikuwa unavuka nusu hata kwenye baridi ya Julai, na nikishika mlima unagusa wekundu. Ajabu ni kwamba maji hayapungui, mpira wa juu wa rejeta hauvimbi, na gari halichemshi. Gereji moja walibadili thamostati (kile kilango kinachoachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), wakabadili na sensa ya temprecha, kisha wakaanza kunizoesha taratibu kwa habari za kufungua hedi, yaani kichwa cha injini. Hapo nikasema ngojeni kwanza.

Kilichonitia shaka ni geji ya mafuta. Tenki liko nusu, yenyewe inaonyesha karibu kujaa. Wawili wakiugua tumbo pamoja, uliza walikula chungu gani. Kwenye Series III geji zote mbili zinapata umeme kwenye stabilaiza moja, kijibati kidogo kilichofungwa nyuma ya dashibodi, ambacho kazi yake ni kushusha umeme hadi wastani wa volti 10. Ndani mna ukanda wa metali mbili: unapata moto, unajikunja na kukata umeme, unapoa, unarudisha. Pointi zake zikigandana, au skrubu inayokishika kwenye bodi ikiingia kutu na kijibati kikakosa kugusa bodi vizuri, kukata kunakoma. Geji zinapokea volti zote za oltaneta (mashine inayochaji betri), 14 hivi, na mshale unapaa wakati injini haina kosa.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, washa taa kubwa na feni ya hita ili volti zishuke, halafu tazama mshale kwa subira maana geji hizi ni nzito kusogea. Ukishuka, na ukazima taa ukapanda tena, jua unapima umeme, si maji. Wangu ulishuka waziwazi.

Nikaagiza stabilaiza ya kielektroniki kutoka Uingereza. Bei, ukiacha usafiri, haifiki hata ya kujaza tenki. Kuifunga ni kazi ndogo: ondoa waya wa hasi kwenye betri, fungua skrubu za paneli ya geji, ivute taratibu, chomoa nyaya za kijibati cha zamani. Terminali ya B inapokea umeme, ya I inapeleka kwenye geji. Kabla ya kukaza skrubu nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa, kwa sababu hiki nacho hakifanyi kazi sawasawa bila kugusa bodi vizuri. Nikapima kwa mita: volti 10, imetulia tuli, ukanyage mafuta usikanyage. Kile cha zamani kilikuwa kinatoa kilekile kinachoingia.

Geji ya mafuta ikawa kweli papo hapo. Ya temprecha ilishuka, ila ikabaki juu kidogo ya nusu, wakati kipimajoto cha bunduki pale kwenye nyumba ya thamostati kilisoma 84, na thamostati yenyewe ni ya nyuzi 82. Basi na ile sensa mpya nayo ilikuwa na lake. Ya zamani nilikuwa nayo, nikazipima zote mbili kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kila moja kwa zamu, waya wa geji juu yake na waya mwingine kutoka kwenye mwili wake hadi bodi. Kwa mwinuko wa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo usitegemee mshale ufike mwisho. Sensa mpya iliupeleka hadi ukingo wa wekundu. Ya zamani ikausimamisha chini zaidi, panapoeleweka. Nikairudisha ya zamani. Sasa mshale unakaa chini kidogo ya nusu, na mlimani unapanda kidogo halafu unarudi.

Malalamiko yangu kwa waliotengeneza stabilaiza hii: haikuja na karatasi yoyote ya maelezo, na zile herufi B na I zimechapwa kwa wino hafifu kiasi cha kuhitaji tochi. Nyingi za aina hii ndani yake ni rigulata ya volti 10 tu, kitu ambacho fundi redio mzuri angekuundia kwa hela ndogo. Mimi nililipia urahisi wa kupata kitu kinachoingia palepale pa zamani, na sijutii.

Wenye Series II na Series IIA za mwanzo, ambazo ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, msinunue hii. Ombeni iliyotengenezwa kwa mfumo huo, maana hii ni ya hasi tu na ukiigeuza utaiunguza.